Mwito wa Bi Mwanakheir

— Mama yangu umemweka wapi, Zahran?

Zahran akaizima tivii. Alijua swali hilo linakuja, lakini lilimkata maini vilevile. Filamu ya tarika yao ya Kisufi, aliyohangaika nayo mwaka mzima, ilikuwa ndiyo kwanza imekwisha pale studioni kwake Mkunazini. Bi Mwanakheir, mama wa msichana huyo, hakuonekana wala hakusikika.

— Salhiya, nisikilize...

— Nshasikiliza. Nimewasikia wanaume wanaitikia. Wanamwitikia nani?

Kila aliyewahi kuhudhuria zikiri ya Uroa, ya kumtaja Mungu kwa kuita na kuitikia, anajua kwamba wanawake hukaa nyuma ya pazia, na aliyekuwa akiita kutoka huko ni Bi Mwanakheir, mkulima wa mwani, mweusi tititi, mikono imepasuka kwa maji ya chumvi. Yeye akiita, wanaume wote humwitikia, wavuvi na Waarabu wa mjini. Zahran alipomwomba ampige picha, alicheka. "Piga, mwanangu, wajukuu wanijue." Haukupita muda akafariki dunia. Salhiya hakuwa na picha wala sauti nyingine ya mama yake.

— Ami Ammar ndiye aliyesema nimtoe. Filamu itakwenda Maskati. Anasema si vizuri watu waone tarika ya babu zetu inaongozwa na mwanamke wa shamba.

— Na wewe ukasemaje?

Zahran akaanza kuuchomoa mkanda kwenye mashine.

— Basi posa yako usiilete. Leo umemwonea haya mama yangu, kesho utanificha mimi uani wakija wageni wako.

Akajifunga buibui lake, akaondoka.

Tangu siku hiyo Zahran hakuwa na raha. Akivaa hedifoni kuhariri harusi ya watu wa Mbweni, chini ya ngoma na vigelegele anamsikia Bi Mwanakheir anaita. Akabadilisha mkanda, akasafisha mashine kwa spiriti, akasoma Ayatul Kursiyyu. Sauti iko palepale, haina hasira, inaita tu na kungoja. Mwishowe alishika simu, akaandika.

"Salhiya, mama yako ananiita. Wallahi sifanyi mzaha."

Jibu likaja palepale.

"Basi mwitikie."

Filamu ilionyeshwa nyumbani kwa Ami Ammar, Ijumaa baada ya Alasiri. Wanaume walijaa sebuleni, wanawake nyuma ya pazia, na Salhiya miongoni mwao. Alikuja kwa kubembelezwa na shangazi yake, Bi Kazija.

— Zahran, mkanda ni ule niliouona? Ami Ammar aliuliza.

— Huu nimeutengeneza upya, Ami.

— Umeongeza nini?

— Nimemrudisha niliyemtoa.

Kabla ami yake hajanyanyuka, Bi Mwanakheir alitokea kwenye tivii, kanga imemzunguka uso, mikono yake ile ile mapajani. Nyuma ya pazia mtu alilia kwa kwikwi.

— Zima! Zima nakwambia!

— Sizimi, Ami. Niadhibu mimi, lakini sizimi.

Bi Mwanakheir akavuta pumzi, akaita. Sauti ya maiti ilipita juu ya vichwa vyao, kisha ikanyamaza kungoja, kama ilivyozoea kungoja.

Mzee Jecha, mvuvi wa Uroa, akaitikia wa kwanza, machozi yanamtoka. Wakafuata wengine. Ami Ammar alikuwa bado amesimama, kidole kakielekeza kwenye tivii. Lakini sauti ile alikuwa akiiitikia tangu ujanani, na mdomo ukamshinda nguvu. Akaitikia. Akakaa chini taratibu, akajifunika uso kwa kilemba chake, na Bi Mwanakheir alipoita tena, akaitikia tena.

Watu walipotawanyika, Zahran alirudi studioni, akavaa hedifoni. Kimya. Hakuna anayemwita tena. Hakutegemea kwamba kimya kile kitamliza.

Simu ikalia mezani. Ujumbe wa Salhiya.

"Baba yupo Uroa kesho. Njoo na posa, na Ami Ammar aje. Na huo mkanda usiusahau. Mama ndiye atakayeifungua shughuli."