Harufu ya Mwarobaini kwenye Koti Jeupe

Haya wajukuu, nawategea: kinaingia motoni kijani, kinatoka cheupe, na kikinuka vibaya kinatia wivu. Mmeshindwa? Basi sogeeni.

Sokoni, watu wanakanyagana, binti wa koti jeupe na viatu vyekundu alijikwaa kwenye kapu la kijana muuza mboga. Mchicha chini, yeye juu yake.

"Dada, ungesema tu unautaka wote," kijana akacheka.

"Nataka majani ya mpera. Mabichi, safi."

"Unakohoa?"

"Ni ya kazi, maabara. Tunayachemsha, maji yake tunachanganya na chumvi ya zinki, tunachoma kwenye tanuri. Unabaki unga mweupe, chembe zake hata jicho halizioni. Tunaujaribu kama utaua vijidudu vya vidonda."

"Na vidonda vya moyo?"

"Huko bado hatujafika."

Tangu hapo kijana alimchumia mwenyewe, akamwoshea jani kwa jani. Simu nazo hazikupoa: "Koti Jeupe wangu, umekula?" "Bwana Majani, niache nipime!" Siku moja akamuuliza, "Nije lini kwenu kujitambulisha?" Binti akatazama viatu vyake, akasema anachelewa kazini.

Haikupita wiki, akaja koti linanuka mwarobaini. Kijana hauzi mwarobaini. Damu ikamchemka.

"Nani anakuuzia?"

"Siuziwi. Napewa."

"Unapewa! Na nani?"

"Mbona unanihoji kama polisi?"

Binti akageuka, viatu ko, ko, ko. Kijana akavimba kama andazi. Kesho yake akachuma majani ya mpera wa kando ya barabara, akampa na vumbi lake. Akajisemea moyoni, huyo anayekupa na akuoshee.

Baada ya siku chache simu ikalia.

"Unga umetoka rangi ya matope! Kazi yangu yote imeharibika. Ulinipa nini?"

"Vumbi," kijana akakiri. "Wivu ulinizidi. Huyo wa mwarobaini ni nani?"

 Kikasikika kicheko chenye kilio ndani.

"Ni mama yangu, mjinga wewe! Mkuu wetu anataka tulinganishe majani ya aina mbili, na mwarobaini uko uani kwetu. Nachuma, nakutaja kwamba unataka kuja kujitambulisha, mama ananuna. Kesho narudi kuchuma, nakutaja tena. Ulidhani nilifuata majani tu?"

Simu ikakatwa.

Asubuhi kijana alikuwa mlangoni pa maabara, shati limenyooshwa pasi, kapu la majani ya mpera linachuruzika maji.

"Nimeyaosha mpaka vidole vimesinyaa. Nisamehe, mama watoto."

"Watoto wa nani? Hata hujanioa!"

Lakini aliyanusa. Akapitisha kidole juu ya jani moja, akakitazama: safi. Akachomoa jani dogo la mwarobaini lililonasa kwenye nywele zake, akalitumbukiza mfukoni mwa shati la kijana.

"Jumamosi," akasema. "Mama kakubali. Njoo Jumamosi, ila vumbi uliache hukohuko barabarani."