Kufuli la Macho

Kulipokucha, karatasi-hai ilijiandika yenyewe habari za siku, picha na yote, bila wino wala mtambo. Ndege-tarishi isiyo na rubani iliiangusha kijijini Zebiga mara moja tu. Tangu hapo kila asubuhi ikawa gazeti jipya. Kijiji kilichozoea kusoma magazeti ya mwezi uliopita yaliyofungiwa sabuni, leo kinapata habari sawia na Accra! Lamisi, mhandisi aliyeibuni, alitembea kifua mbele, na nani angemlaumu?

Ila kampuni iliyomwajiri ilikuwa na sharti: mnunuzi mmoja, msomaji mmoja. Basi Lamisi akaitia karatasi kufuli la macho. Ikiona jozi ya pili ya macho, inageuka nyeupe hadi kesho yake. Alijua fika kwamba kwao Zebiga mmoja husoma kwa sauti, wengine wakamzunguka. Alijua, akanyamaza, maana cheo kitamu bwana.

Simu ikamfikia mjini kwamba mto umezoa nyumba za bondeni kwao. Alipofika, alimkuta Mwalimu Akolgo, mteja pekee wa karatasi-hai kijijini, ameketi juu ya kinu kilichopinduka.

"Mwalimu, shangazi yuko wapi?" Shangazi Asibi ndiye aliyemlea na kumsomesha kwa kukaanga bagia za kunde.

"Tulimzika jana, mwanangu."

Lamisi alilia mpaka sauti ikamkauka. Mwalimu akasema, "Asubuhi ile niliona maneno ya juu tu: hatari, bwawa linaachia maji. Nikaita watu, kama siku zote. Asibi akawa wa kwanza, mwiko mkononi, akachungulia begani kwangu. Karatasi ikafa palepale. Tukabishana ni bwawa gani, maana mabwawa yako mengi. Asibi akasema mafuta yake yanaungua, akateremka jikoni kwake kando ya mto."

"Si ungesoma kwanza peke yako?"

"Peke yangu?" Mwalimu alimkazia macho. "Habari ya hatari nijifungie nayo kama mchawi? Lo! Hayo hukujifunza kwangu."

Simu ya Lamisi ikalia mfukoni. Ujumbe kutoka kampuni. Waliosalia walikwishasogea, wamemzunguka.

"Wakubwa zako wanasemaje?" Mwalimu akauliza. "Tusomee."

Alitamani ardhi immeze. Akasoma kwa sauti, wote wakisikiliza:

"Hongera, Lamisi. Mwezi huu Zebiga hakuna aliyesoma bure."