Mwizi Aliyeweka Alama

Kila Ijumaa, wanaume wakishaingia msikitini na mtaa ukitulia, Agata Niyonkuru huvuka barabara ya Rumonge na kuketi kwenye benchi la Batuli, ukuta kwa ukuta na gereji ya fundi Tahiri. Huagiza ugali wa muhogo na ndagala, dagaa wa ziwani, wa kukaanga, huvua kofia yake ya polisi na kuiweka pajani, na kwa muda mfupi huwa si mpelelezi tena, ni mwanamke mwenye njaa tu.

Ijumaa hiyo Batuli alipomwekea sahani, Agata alizitazama kucha za mpishi huyo. Zilikuwa za zambarau iliyokolea, zinang'aa.

"Weye Batuli! Kesho anaolewa mpwa wako au wewe?"

"Bibi harusi ni mmoja, lakini kupendeza ni kwetu sote. Yule binti Raisa katupaka asubuhi, nyumba nzima. Chupa yenyewe kaondoka nayo kwenye kikapu, la sivyo ningepaka na sufuria. Hebu lete vidole vyako, nitamwita."

Agata alificha mikono chini ya meza, akacheka. Alikuwa amemega tonge la pili tu aliposikia watu wakirudi kutoka msikitini, na mara sauti ya Tahiri ikapasuka nyuma ya ukuta.

"Volani! Wameng'oa volani!"

Agata alivaa kofia.

Hakuna mtu katika mtaa ule ambaye hakuijua volani hiyo, yaani usukani. Zubeir, mfanyabiashara wa mafuta ya mawese, alikuwa amenunua gari jekundu la Kijapani, la milango miwili, la zamani lakini lenye mbio. Tangu hapo gereji ikageuka bunge. Tahiri alitaka aweke usukani mpana wa ngozi, mnene mkononi. Idi, kijana mwenye gari la bluu la aina ileile, akasema huo ni usukani wa lori la mihogo. Picha zilipitishwa kwenye simu, watu walikaa ndani ya gari na kushika hewa, wengine wakitia na mlio wa injini kwa midomo. Mwishowe Zubeir aliagiza mdogo kuliko wote, mweusi, uliofunikwa kitambaa laini kama manyoya ya paka. Tahiri alimwambia, "Gari hili halina pampu ya kulainisha usukani. Duara likiwa dogo, kukata kona ni kazi ya nguvu." Zubeir alijibu tu, "Duara dogo linanifaa mimi." Ulifungwa Jumatano. Jumamosi angeongoza msafara wa harusi hadi Bujumbura, kwa njia ya pwani, kupitia Minago na Gitaza.

Sasa mahali pa usukani palibaki chuma kilichochomoza, uchi.

"Amahoro, shefu," Zubeir alimsalimu Agata. Hata katika hasira alimpa mkono wa kulia huku wa kushoto ukiushika mkono huo chini ya kiwiko, kwa heshima. Watu wa mtaa walimsifu kwa hilo. Tangu maji ya ziwa yalipopanda na kubomoa nyumba yao ya ufukweni, walisema, Zubeir amekuwa na adabu ya ajabu. Hata watoto huwasalimu hivyo.

"Nani alibaki hapa wakati wa sala?" Agata aliuliza.

Macho yote yalimgeukia Yonasi. Alikuwa mtu mzima, fundi wa kuchomelea vyuma, aliyerudi kutoka kambi za wakimbizi za Tanzania kama Agata mwenyewe. Ijumaa yeye hubaki kulinda, kwa kuwa ni mlokole.

"Nilikaa mlangoni nikitengeneza baiskeli," Yonasi alisema. "Mgongo wangu ulielekea magari, siwezi kuficha. Lakini hakuna aliyetoka na kitu."

"Nani aliingia?"

"Hakuna mtu. Raisa tu, kuleta chakula cha kaka yake Zubeir, kama kila Ijumaa. Kaweka sahani pale, kaondoka na kikapu kitupu. Hata kaniinamishia akanionyesha, anajua napenda sambusa zake. Hamkubaki hata moja."

Zubeir alimsogelea. "Hakuna aliyeingia, hakuna aliyetoka. Basi ni wewe! Shefu, mchukue. Kabla ya jua kuzama nataka awe ndani."

Yonasi hakubisha. Alifuta mikono yake kwa kitambaa, polepole, kama mtu aliyekwisha kufukuzwa mahali pengi akajua namna ya kufungasha. "Mwambieni mke wangu asinisubiri," alisema.

Agata alihisi moyo wake ukimwelekea Yonasi. Ndiyo maana alijilazimisha kutazama chuma badala ya mtu.

Alikaa kwenye kiti cha dereva. Nati iliyoshika usukani ilikuwa imerudishwa mahali pake, imezungushwa kidogo kwa vidole ili isipotee. Waya wa honi ulikuwa umeviringishwa utepe mweusi nchani. Ukutani, spana kubwa ilining'inia kwenye msumari wake. Na juu ya ncha ya kile chuma kilichochomoza, palikuwa na mstari mfupi, mwembamba, wa rangi. Agata aliukwaruza kwa ukucha. Haukutoka.

"Fundi, hii ni nini?"

Tahiri aliinama. "Alama. Ukitoa volani unapiga mstari mmoja, nusu kwenye chuma, nusu kwenye volani. Siku ya kurudisha unakutanisha. Usipofanya hivyo, gari linakwenda mbele volani ikitazama pembeni."

"Umeweka wewe?"

"Mimi natia nukta kwa patasi. Hiyo hapo chini, tazama. Mstari wa rangi..." Alikuna kichwa. "Mstari wa rangi alikuwa akitia marehemu baba yake Zubeir. Huyo ndiye aliyenifundisha kazi. Lakini yeye alitumia rangi nyeupe."

Agata alishuka. Tangu lini mwizi akajali usukani utakavyorudishwa?

Lakini aliyebaki mtuhumiwa bado alikuwa Yonasi, na Batuli akazidisha moto kwa kupiga kelele juu ya ukuta. "Mimi nilimwona Idi! Wakati wa hotuba alipita uchochoroni nyuma ya gereji na mfuko mzito!"

Idi aliletwa akiwa anacheka, lakini alipoona kofia ya Agata kicheko kikakauka.

"Ulichelewa msikitini?"

"Nilichelewa."

"Ulitaka usukani ule?"

"Nani hakuutaka? Nilimwambia Zubeir aniuzie, akakataa. Lakini kuuiba, shefu! Ningeutia wapi? Gari langu watu wote wanalijua kuliko uso wangu."

"Na mfuko?"

Idi aliangalia chini. "Ndagala. Mama mkwe anatoka Gitaza na analeta wageni. Nilinunua ndagala wa kukausha, nikapitia nyuma nisionwe nikibeba mfuko kama mchuuzi."

Mfuko uliletwa. Hakuna aliyehitaji kuufungua, harufu ilitangulia. Hata Yonasi alitabasamu kidogo.

"Mimi na Zubeir tunataniana tu," Idi alisema. "Mtu mwenyewe siku hizi ananisalimu kwa mikono miwili, kama mimi ndiye mama mkwe!"

Watu walicheka. Agata hakucheka. Alichukua karatasi ya mashtaka na kalamu, akampa Zubeir atie sahihi. Zubeir aliishika kalamu kwa mkono wa kulia, na mkono wa kushoto ukaja kuushika ule wa kulia. Lakini hapa hapakuwa na mtu wa kumsalimu.

Agata aliichukua karatasi kabla hajamaliza.

Aliwaambia wanaume waipekue gereji yote, akarudi kwenye benchi la Batuli, akakaa mbele ya ndagala waliopoa. Batuli alikuja kufuta meza. Kucha zake zilipita mbele ya macho ya Agata, huku na huko. Rangi ileile ya mstari wa kwenye chuma.

"Batuli, Raisa alijifunza gereji?"

"Alizaliwa gereji! Baba yake alikuwa akimkalisha juu ya tairi na kumpa spana badala ya mwanasesere. Mwenye haya vile, huwezi kudhani."

"Na siku nyumba ilipobomoka?"

Batuli aliacha kufuta. "Siku ile maji yaliingia usiku, na Raisa akabaki chumba cha ndani. Zubeir alimfuata. Ukuta ulimwangukia begani akiwa amemnyanyua juu ya maji, naye hakumwachia. Alisema hana maumivu. Tangu hapo wote wawili hawalitaji jambo hilo. Mimi nikilianza, Raisa anakwenda kuosha vyombo."

Baada ya alasiri Raisa alikuja kuchukua sahani, kikapu mkononi, mtandio umeshuka karibu na nyusi. Alimwona Yonasi ameketi kwenye tairi, mikono magotini, na polisi kijana, aliyeitwa kutoka kituoni, amesimama kando yake. Akasimama.

"Kwa nini anko Yonasi amekaa pale?"

"Anangoja kupelekwa ndani kwa wizi," Agata alisema kwa upole.

Rangi ilimtoka Raisa usoni.

Agata aliwageukia wengine. "Aliyetoa usukani alikuwa na nia ya kuurudisha. Aliweka alama. Aliitunza nati, akafunga waya, akarudisha spana ya watu. Na Yonasi anasema kweli: hakuna kilichotoka mlangoni. Basi usukani haujatoka. Mmepekua gereji yote isipokuwa sehemu moja, kwa sababu hakuna anayepekua nyumba ya aliyeibiwa. Zubeir, fungua buti ya gari lako."

Zubeir alicheka kwa dharau, akatoa ufunguo. Chini ya tairi la akiba, ndani ya kanga safi, usukani ulikuwa umelala. Kwenye kitovu chake cha chuma palikuwa na nusu ya mstari, zambarau.

"Ufunguo wa pili wa gari uko wapi?" Agata aliuliza.

"Nyumbani," Zubeir alijibu, na neno lilipomtoka akamtazama dada yake.

Raisa alikuwa akilia bila sauti. "Anko Yonasi, nisamehe. Sikujua watakushika wewe. Nilidhani watatafuta tu, harusi ipite."

"Umenifanya mwizi wa mali yangu mwenyewe mbele ya watu wangu wote?" Zubeir alisema. "Kwa nini? Wivu? Hukutaka niongoze msafara?"

Raisa alitikisa kichwa.

"Zubeir," Agata alisema, "nisalimie. Kwa mkono mmoja."

Zubeir alinyoosha mkono wa kulia. Ulifika kimo cha tumbo, ukaanza kutetemeka. Alijaribu kuupandisha zaidi, jasho likamtoka, kisha ukaanguka wenyewe ubavuni. Tahiri aligeuza uso.

"Ndiyo maana ulichagua duara dogo," Tahiri alisema taratibu. "Ili mkono usipande juu."

"Nilidhani litanisaidia," Zubeir alisema. Sauti yake ilikuwa imepungua. "Jumatano tulipolijaribu..."

"Jumatano tulikwenda Kigwena," Raisa alisema, na sasa wote wakamsikiliza kwa kuwa alisema chini sana. "Kwenye kona ya michikichi mkono wake uliteleza. Gari lilikwenda moja kwa moja ukingoni. Akalirudisha kwa mkono wa kushoto, akacheka. Mimi sikucheka. Kesho ni kona za Minago, na bibi harusi nyuma yake."

"Ungeniambia, mdogo wangu."

"Nianze wapi? Nikitaja mkono wako, nataja siku ile."

Agata aliikunja karatasi ya mashtaka mara mbili, akaitia mfukoni. "Mali iko kwenye gari la mwenyewe," alisema. "Hapa hakuna wizi. Zubeir, kuna mtu anakudai samahani."

Zubeir alikwenda mpaka kwenye tairi. Hakujua aanzie wapi, akampa Yonasi mkono wa kushoto, peke yake, jambo ambalo siku nyingine lingekuwa tusi. Yonasi alisita, kisha akaushika kwa mikono yake yote miwili. "Murakoze," alishukuru. "Ila sambusa za Ijumaa ijayo zote ni zangu."

Tahiri tayari alikuwa ameshusha ule usukani mpana wa ngozi kutoka rafuni, anaupuliza vumbi. "Huu ni mwepesi kukata kona," alisema. "Na kishikio cha mviringo nitakifunga upande wa kushoto, uzungushe kwa kiganja kimoja. Msafara wa kesho aendeshe Idi, mama mkwe akimruhusu."

"Akinipa lile jekundu, naendesha hadi Kigali!" Idi alisema.

Walicheka wote, hata Zubeir. Raisa peke yake hakucheka. Aliweka kikapu chini, akaenda kwa kaka yake, akauinua ule mkono wa kulia kutoka ubavuni kwa mikono yake miwili, kama watu wa Rumonge wanavyomshika mkubwa wao.

"Kaka," alisema, kwa sauti ambayo hata Batuli aliisikia ng'ambo ya ukuta, "asante kwa kunitoa majini."