Redio ya Susu Wayua

Mwau, rafiki yangu wa Kanyangi, hapendi nikisimulia hii. Alikuwa anajifunza kuunganisha kwa solda, ile risasi ya kuyeyushwa, vile vipuri vya redio vidogo kuliko punje ya wimbi. Bila kuomba ruhusa, alifungua redio ya nyanya yake, susu Wayua, akapoteza kipuri kimoja. Susu alifariki wiki hiyo, bado akiulizia nyimbo zake za kanisa.

Baada ya mazishi, Mwau alinunua kipuri kingine. Alikishika kwa kibano, akabana pumzi kisipeperuke. Stima ikapotea.

Gizani, mtu alikuwa anapumua karibu na sikio lake, polepole, kama mgonjwa.

“Susu, nisamehe.”

Stima iliporudi, kipuri kipya kilikuwa bado kwenye kibano. Kile kilichopotea kilikuwa mahali pake ndani ya redio, na solda yake ilikuwa ingali inatoa moshi.