Hita ya Mwalimu Saumu

Hita ilikuwa imekufa tangu Alhamisi na swichi yake imezimwa, lakini Jumanne alasiri Nancy alipofungulia maji ili amwogeshe mama mkwe wake, yalitoka ya moto. Alirudisha mkono haraka. Akajaribu tena kwa ncha ya kidole. Yalikuwa ya moto kweli, na yalinukia asumini.

Nancy hakupiga kelele. Katika nyumba ya Ezroni, mumewe, anayepiga kelele ndiye huonekana mkosaji. Alimwogesha mama, akamfuta, akamfunga kitenge, kisha akaenda kukaa jikoni.

Watu wa Kyela wakisikia mtu ana hita bafuni hucheka mpaka wakashika mbavu. Huku jasho linaamka kabla ya jogoo, maji ya moto ya nini? Lakini Bibi Ikupa, mama yake Ezroni, alipigwa na kiharusi mwaka jana. Upande wote wa kushoto ukalala, mdomo ukapinda, na hospitali wakasema maji ya moto kiasi yatamlegeza viungo. Kila asubuhi Nancy alimpigia goti, akamshika mkono, akamwamkia, "Ugonile, mama," na mama akajibu kwa mdomo wake uliopinda, "Ndaga, mwanangu." Walipendana, jambo ambalo si la kawaida kati ya mkwe na mkwe.

Ubaya ulikuwa mahali hita ilikotoka. Ilikuwa mali ya Mwalimu Saumu, mpangaji wao wa nyumba ya uani, mwanamke wa Tanga aliyehamishiwa hapa kwetu Ipinda kufundisha. Aliinunua mwenyewe. Mwezi wa nne homa ilimchukua kwa siku tatu tu, mwili ukasafirishwa kwao, na ndugu wakasema watarudi baada ya arobaini kuchukua vyombo vyake. Awe wa msikitini au wa kanisani, kila mtu anajua kwamba vitu vya marehemu haviguswi mpaka ndugu wakae waseme. Ezroni naye alijua. Siku ya tisa alichukua ufunguo wa akiba, akaingia na bisibisi, akatoka na hita.

"Ngoja arobaini ipite, mume wangu," Nancy alimsihi.

"Ndugu zake wako Tanga, hita wataifanyia nini? Mkono wa mama hausubiri arobaini."

Na kweli haukusubiri. Wiki ya tatu kidole kimoja cha kushoto kilitikisika. Wiki ya sita, arobaini imepita na ndugu wa Tanga bado hawajatokea, mkono ukashika kikombe, mguu nao ukaanza kukanyaga. Ezroni alilia mbele ya watu, na Jumapili iliyofuata akasimama kanisani akaahidi kwamba Jumapili ya mwisho wa mwezi mama yake atatembea kwa miguu yake hadi mbele kutoa shukrani. Ukishatangaza jambo kama hilo Ipinda, huna pa kurudia.

Kisha hita ikaungua.

Fundi Tuntufye alikuja Jumatano asubuhi. Alifungua kifuniko, akarudi nyuma hatua moja. Koili, ule waya wa kupasha maji, ilikuwa imekatika vipande viwili vyeusi, na kuizunguka zilikuwapo nywele ndefu, zimesukwa vizuri, mbichi kwa maji, wala haukuungua hata unywele mmoja.

"Gwe Kyala, Mungu wangu!" alinong'ona. "Kaka Ezroni, hii usiitengeneze. Nunua mpya, nitakufungia bure."

"Koili si inabadilishwa? Nimekuona ukiwabadilishia watu."

"Koili ndiyo. Na hizi nywele?"

"Hita mpya itamtembeza mama Jumapili?"

Tuntufye alikusanya vifaa vyake, akaondoka hata mikono hakunawa. Ezroni alimwita mwoga. Yeye aliyezoea kufungua na kufunga mashine ya kukoboa mpunga angeshindwaje na hita? Alinunua koili, akang'oa nywele kwa koleo, akazitupa chooni, akafunga kila kitu mahali pake. Hita ikawaka.

Alhamisi alasiri Nancy alimkalisha Bibi Ikupa kwenye kiti cha plastiki, akafungulia maji, na mvuke ukajaa bafu lile dogo pamoja na ile harufu ya asumini, nzito kiasi cha kukwama kooni, na nyuma ya mchirizo wa maji akasikia mtu akiimba puani, taratibu, wimbo wa pwani ambao hakuna mtu wa nyumba ile aliyewahi kuujua, na alipoinama kumsugua mama mgongo, ule mkono wa kushoto uliokuwa umelala mwaka mzima ukainuka bila kutetemeka, ukamshika kifundo cha mkono, ukakaza, ukakaza tena, mpaka akaona kiganja chake mwenyewe kikibadilika rangi.

Alimtazama mama mkwe usoni. Mama alikuwa analia.

"Nancy," alinong'ona. "Huu mkono... si wangu."

"Unasemaje, mama?"

"Si wangu, mwanangu. Mwambie Ezroni aitoe hita. Aitoe."

Ezroni aliambiwa, akaonyeshwa alama tano nyeusi kwenye kifundo cha mkewe. "Wenye kiharusi ndivyo wanavyosema," akajibu. "Daktari alituambia."

"Daktari alisema hayo mkono ukiwa umelala. Sasa huu unanivunja!"

Ijumaa Nancy alimpigia simu Bibi Tusajigwe, mganga wa Makwale, bila kumwomba mumewe ruhusa. Mganga akafika kwa bodaboda, mwanamke mnene asiye na maneno ya kubembeleza. Alisimama mlangoni mwa bafu, akanusa, akakataa kuingia.

"Huyo mwalimu alikuwa kiti," alisema. "Alikaliwa na jini. Kiti akifa, jini hubaki kwenye vitu vyake mpaka ndugu wakae, wamruhusu aende. Ninyi hamkungoja. Mmembeba, mkamletea mzee ambaye nusu yake iko tupu."

Ezroni akauliza, "Tufanye nini?"

"Ishusheni leo, irudi kwa ndugu zake. Lakini alichompa mama yako atakichukua. Mkono utalala."

"Na mguu?"

"Na mguu. Ukichelewa, shauri yako. Nusu ya kushoto aliikuta haina mtu. Akishaizoea, ataitaka hii nyingine, na hii ina mwenyewe."

Bibi Ikupa alikuwa amekaa karibu, amesikia yote. Kwa mkono wake wa kulia, ule uliokuwa wake, alikamata shati la mwanawe.

"Leo, Ezroni. Acha nilale nusu. Leo."

Nami nasema, hapo ndipo mtu anapojulikana. Ezroni aliutazama mguu wa mama, akaiona Jumapili, akaliona kanisa zima limesimama likishangilia. Alivibandua vidole vya mama yake shatini, kimoja kimoja, polepole, kwa upendo wote.

"Siku mbili tu, mama. Jumapili ipite."

Tusajigwe alipanda bodaboda bila kuonja hata maji waliyomwekea.

Jumapili Bibi Ikupa alitembea. Nancy alimshika upande wa kulia, lakini hakukuwa na haja, maana mguu wa kushoto ulikwenda mwepesi na ule wa kulia ndio uliokuwa unaburutwa. Vigelegele vikapigwa, Ezroni akapiga magoti akilia, na mama akapokea kipaza sauti kwa mkono wa kushoto. Mdomo wake haukuwa umepinda tena. Yule mama ambaye Kiswahili chake siku zote kilipita kwanza kwenye Kinyakyusa akazungumza Kiswahili laini cha Tanga, bila kujikwaa hata neno moja, huku mkono wake wa kulia umekamata kitenge cha Nancy kwa nguvu zote ulizokuwa nazo.

"Nawashukuruni nyote," alisema. "Nilikuwa sina pa kukaa, na mwanangu huyu amenipa makao."

"Amina!" watu wakaitikia.

Nancy alihisi vidole vile vikilegea kwenye kitenge chake, kimoja kimoja, mpaka cha mwisho.

Walipofika nyumbani Ezroni alichukua bisibisi, akaelekea bafuni. Mama alikuwa mlangoni mwa bafu, amesimama wima, anatabasamu.

"Itoe tu, mwanangu," alisema. "Mimi simo humo tena."

Waliirudisha Tanga kwa basi. Ezroni alinunua hita mpya ya bei, na mpaka leo hakuna aliyeitumia. Mama anatembea Ipinda nzima, anapika wali wa nazi, anaimba puani. Upande wa kulia tu ndio umekuwa mzito, na mkono wa kulia umekufa kabisa. Hospitali wanasema ni kiharusi cha pili.

Kila asubuhi Nancy humpigia goti, akaushika ule mkono uliokufa, akanong'ona, "Ugonile, mama." Mdomo humjibu kwa kicheko, "Sabalkheri, mwanangu." Lakini kidole kidogo cha mkono ule huinuka kidogo, kikatetemeka. Ezroni huwa anatazama pembeni. Kisha mkono wa kushoto huja taratibu, ukakifunika kile kidole, ukakikandamiza mpaka kitulie.