Sufuria Isiyosuguliwa

Supu haikuwa na mafuta. Kuku mwenyewe alikuwa mtetea aliyenona kuliko wote bandani, wa kutembea akiyumba, na Salim, mlinzi wa jumba la jirani, ndiye aliyekuja kumchinja. Mwanahamisi, mfanyakazi wa ndani, alimchemsha asubuhi nzima na bado supu ikabaki nyepesi kama maji ya kunawa, hata tone moja la mafuta halikuelea. Akakumbuka kwamba wakati wa kumkata, chini ya ngozi hakuikuta ile njano. Ngozi ilikuwa imelala juu ya mfupa.

Akajisemea ni baridi. Ilikuwa Januari ya 2013, ukungu wa Doha ulilala juu ya ukuta wa ua hadi jua lipande, na kuku wa madamu walishinda wamejikunyata chini ya bati. Lakini moyoni alijua mambo yameanza siku ile ya sufuria.

Sufuria ilitoka nyumba ya zamani ya mama yake madamu, katika mtaa uliokuwa ukibomolewa. Ilikuwa ya chuma kinene, kifuniko peke yake kilitaka mikono miwili, na ilikuwa nyeusi ndani na nje. Madamu aliiweka jikoni, akasema kwa ile lugha ya kuokoteza ya mabosi na wafanyakazi: "Hii sabuni mafi, hakuna sabuni, Mwana. Futa, paka mafuta, khalas."

Mwanahamisi akaitikia kama alivyoitikia kila kitu. Ila mwanamke wa Tanga na sufuria nyeusi, wapi na wapi? Kwao mkwe hukagua sufuria kabla hajamkagua bibi harusi. Familia ilipokwenda kupiga kambi jangwani na kumwachia mtoto, alikaa kwenye bomba la uani, kando ya banda, na mchanga na sabuni na stiliwaya, akasugua. Weusi ule ulitoka gamba kwa gamba, na kila gamba lilikuwa na harufu yake, ya samli, ya kondoo, ya kuku, na la mwisho kabisa lilinuka nywele zilizoungua. Maji yake akayamwaga kwenye mfereji wa banda. Chuma kiling'aa, akajiona uso ndani yake, akacheka kwa kuridhika.

Tangu hapo jogoo hakuwika tena. Alisimama ameelekea mlango wa jiko, mitetea nyuma yake vivyo hivyo, kimya. Sufuria nayo aliikuta kila asubuhi ina vuguvugu, na jiko halijawashwa.

Hayo angeyavumilia, kuku ni kuku. Lakini kulikuwa na Hissa, mtoto wa madamu, mnene wa miezi minane, ambaye Mwanahamisi alimlea tangu atoke hospitali. Mwanawe mwenyewe alikuwa Tanga kwa bibi, na mapenzi aliyokosa pa kuyaweka aliyaweka kwa huyu. Asubuhi moja alimnyanyua kitandani, mikono yake ikaenda juu kuliko alivyokusudia. Mashavu yalikuwa yale yale, mikunjo ile ile, lakini mtoto alikuwa mwepesi kama kanga iliyoanuliwa. Akambonyeza paja. Kidole kiligusa mfupa upesi mno.

Alasiri akamwita Salim ukutani. Salim alikuwa Mpemba, na Mpemba kwa mambo hayo haulizwi mara mbili.

"Dada'angu, hiyo sufuria umeiosha?" aliuliza kwa sauti ya chini, hata kabla hajamaliza kuelezwa.

"Nimeisugua. Nilidhani ni uchafu."

"Si uchafu ule, ni nguo. Huyo bwana walimfunga humo, wakawa wanampaka mafuta mwaka hadi mwaka, ashibe, atulie. Wewe umemvua. Sasa ana njaa na ana baridi, anayafuata mafuta popote yalipo."

"Nifanyeje?"

"Mvishe tena. Mafuta ya mkia wa kondoo na moto mkali. Paka, choma, paka tena. Na Ayatul Kursi isikatike mdomoni. Utakayoyasikia usiyajibu, na usigeuke. Kisha mwambie madamu wako. Mficha uchi hazai."

"Nikitaja jini, mimi ndiye nitakayeitwa mchawi," alinong'ona Mwanahamisi. "Unajua wanavyotufanya wakilisikia neno hilo. Nitatoka humu na pingu."

Salim alikuwa anajua.

Kesho yake, nyumba ikiwa bado imelala, Mwanahamisi alimfunga Hissa mgongoni kwa kanga, akakoka mkaa uani, ukungu ukiwa umelificha hata banda. Mkono wa kwanza wa mafuta ukaungua kwa moshi wa nywele, wa pili vilevile, na kwenye wa tatu Hissa akalia, lakini si mgongoni, alilia kutoka ndani ya sufuria, kilio chake kile kile cha njaa, na Mwanahamisi akasoma, akapaka, na kilio kikageuka kicheko, na kicheko kikawa sauti nzito iliyomwita Mwana, Mwana, nipe huyu mmoja tu, na kanga ikalegea mgongoni kana kwamba haina kitu ndani, na kuku wakatoka kwenye ukungu wakauzunguka moto pasipo hata mmoja kutoa sauti, na vidole vikamwungua, na alitaka kugeuka autazame mgongo wake, alitaka kuliko alivyowahi kutaka jambo lolote duniani, na hakugeuka, akasoma, akapaka, akasoma, mpaka chuma kikawa cheusi tititi.

Jogoo akawika. Mgongoni Hissa akajinyoosha, na uzito wake wote ukamrudia Mwanahamisi kiunoni. Akakaa chini pale pale, akalia.

Kuku wakanona tena. Kila Ijumaa aliipaka sufuria mafuta kwa mikono yake, na baridi nyingine ilipoingia, likizo yake nayo ikafika. Madamu akamleta Rehema, binti wa Kondoa, msafi na mchapakazi, amshikie kazi. Mwanahamisi alimwonyesha kila kitu, na sufuria akamwonyesha mara mbili.

"Hii haisuguliwi. Madamu hataki."

"Kwa nini, dada?"

Neno lilimfika kooni. Akaziona pingu.

"Mila zao tu," akasema.

Rehema akaitazama sufuria, na Mwanahamisi akaujua ule mtazamo, maana ulikuwa wake.

Alikuwa Tanga, mwanawe mapajani, simu ilipoita.

"Dada, utanipenda," alisema Rehema kwa furaha. "Ile sufuria yako nimeisugua juzi walipokwenda kambini. Inang'aa, ukija utajitazama uso."

Mwanahamisi alimkumbatia mwanawe mpaka akalalamika.

"Na Hissa?" aliuliza. "Hissa hajambo?"

"Hana shida kabisa. Siku hizi hata mgongo hauniumi, mwepesi huyo."