Sufuria la Keziah

Jumatatu ilikuwa siku ya kufua. Keziah alichochea moto, akakoroga mashuka ya bwana wake ndani ya sufuria kubwa la chuma. Mvuke ulimpiga usoni. Binti yake mdogo, Lettie, aliokota kuni.

Hapo ni mjini Hampton, jimbo la Virginia, nchini Marekani, mwaka 1861. Keziah, mumewe Isham na Lettie walikuwa watumwa wa Bwana Tarleton. Keziah alifua. Isham alivua chaza. Faida yote ilikuwa ya Bwana Tarleton.

Sufuria lile lilikuwa na kazi nyingine. Watumwa walipotaka kusali, au kusema yaliyo moyoni, walilifudikiza mlangoni, mdomo chini. Waliamini linanasa sauti, zisifike nyumba kubwa. Hakuna aliyewahi kujaribu kusema bila sufuria. Nani angethubutu?

Mchana huo Isham alirudi mapema, miguu imejaa tope.

"Mke wangu, mambo yameharibika," alisema. "Bwana anatupeleka Carolina, wanaume wote. Tukachimbe mahandaki ya jeshi la kusini."

"Lini?"

"Keshokutwa."

Keziah aliketi chini palepale. Kaka yake alipelekwa kusini zamani, kwenye mashamba ya pamba. Hakusikika tena. Kumbe sasa ni zamu ya Isham!

"Lettie, kamwite Shangazi Parthenia," alisema. "Mwambie nina mashuka ya kukunja."

Shangazi Parthenia alihudumia mezani katika nyumba kubwa. Alikuwa mtumwa kama wao. Mabwana walizungumza mbele yake kama wanavyozungumza mbele ya kabati. Yeye alimimina mchuzi, na masikio yake yakafanya kazi.

Alipofika, wakamwaga maji, wakalifudikiza sufuria mlangoni, wakainamisha vichwa.

"Shangazi, hivi vita ni vya nini?" Keziah alinong'ona.

"Ni kwa ajili yetu, mwanangu."

"Yetu sisi? Sisi tusioulizwa hata kama tumekula?"

"Nyamaza nikueleze. Majimbo ya kaskazini yameacha utumwa. Haya ya kusini yanaishi kwa jasho letu. Sasa kila ardhi mpya ikipatikana kule magharibi, wanashikana mashati. Watumwa waingie au wasiingie? Leo wanapatana, kesho wanavurugana. Hata makanisa yamegawanyika. Wabatisti wa kaskazini na wa kusini hawakai pamoja tena."

"Makanisa!" Isham alisema.

"Mwaka jana akachaguliwa rais asiyetaka utumwa uenee. Hakusema ataufuta huku. Alisema usienee tu! Mabwana wakaingiwa na kiwewe. Majimbo ya kusini yakaanza kujitoa, yakaunda nchi yao. Wakaipiga mizinga ngome ya serikali kule Carolina, na vita vikaanza. Wiki iliyopita Virginia nayo ikapiga kura kujitoa. Mezani wanasema wanapigania haki za majimbo. Haki gani? Haki ya kunimiliki mimi ninayewakatia nyama!"

Keziah aliyatazama mashuka. Nchi kubwa hivi, yenye marais na mizinga, imepasuka katikati kwa sababu ya watu wanaofua mashuka.

"Ng'ambo kuna ngome ya Monroe. Bado ni ya serikali ya Marekani," alisema Isham. "Lakini sheria inasema mtumwa akikimbia arudishwe. Askari watatufunga kamba wenyewe."

Shangazi Parthenia alicheka, akaziba mdomo kwa aproni.

"Vijana watatu wamekwenda. Ofisa wa kusini akaenda kuwadai. Unajua mkuu wa ngome alimjibuje? Eti sheria hiyo ni ya Marekani. Ninyi si mmesema ni nchi nyingine? Basi mnadai kwa sheria gani? Tena vijana hawa walikuwa wakijenga maboma yenu. Ni mali ya vita, nimeiteka!"

Kuni zilialika motoni.

"Kwa hiyo walipojitoa," Keziah alisema polepole, "ndipo walipotufungulia mlango?"

"Kwa mikono yao wenyewe. Lakini msijidanganye, huo si uhuru bado. Mtaitwa mali iliyotekwa. Ila hamtarudishwa. Mkifika, semeni wazi bwana wenu ni nani na anawapeleka kujenga nini. Hilo ndilo neno lenu. Bila hilo, mtaonekana wazururaji."

Alfajiri Isham alitoa mashua, kama anakwenda kuvua chaza. Keziah alikuja na Lettie, na sufuria.

"Umerukwa na akili?" Isham alifoka chini chini. "Chuma chote hicho!"

"Vingine vyote naviacha. Hili siliachi."

Kwenye lango la ngome Keziah alishangaa hadi akasahau uchovu. Alidhani watakuwa peke yao. Palikuwa na wazee, akina mama na watoto migongoni, wote wamejitoa utumwani kwa miguu yao.

"Mnataka nini?" aliuliza askari.

Isham aligeuka kumtazama mkewe. Keziah akajibu.

"Sisikii, mama."

Akajibu tena. Maisha yake yote alikuwa amesema mambo ya moyoni kwa kunong'ona. Sauti haikutoka.

"Kama hamna neno, pisheni wengine."

Keziah alilitua sufuria chini. Akalitazama. Lilikaa mdomo juu, wazi kabisa.

"Bwana wetu ni Tarleton!" alipaza sauti. "Anampeleka mume wangu Carolina, akachimbe mahandaki ya kupigana na ninyi! Hatuendi!"

Foleni nzima iligeuka. Mwanamke mmoja alianza kulia. Keziah mwenyewe aliogopa sauti yake, na papo hapo akaipenda.

"Ingieni," alisema askari.

Kazi ya ngomeni ilikuwa ngumu, na ujira ulichelewa. Vita vilichukua miaka minne na kuua watu wengi mno, ndipo utumwa ukafutwa nchi nzima. Hayo yote yalikuwa mbele.

Jioni ile ya kwanza Isham aliketi kando ya hema, akataka kumwambia mkewe jambo. Lettie alimwona. Akashika ukingo wa sufuria kwa mikono miwili, akajikaza kulifudikiza, kama alivyofundishwa.

"Liache, mwanangu," alisema Keziah, kwa sauti iliyosikika hadi hema la pili. "Leo ni la kupikia."